Moshi, Maji ya Kibuyu na Kikombe cha Pili

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui jina. Asubuhi anakohoa nyuma ya nyumba ili mama yake asisikie, na akiulizwa anajibu kwamba ni vumbi. Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, ina vumbi la kutosha kuficha uongo wa kila mtu, hasa mwezi wa saba, na mimi nililitumia vumbi hilo kwa muda mrefu. Kama ni wewe, kaa chini usome. Siandiki ili kukutisha. Leo asubuhi nimepanda mlima kutoka kwenye bomba nikiwa na dumu la maji begani, sikusimama hata mara moja, na nilipofika juu nilikaa nikacheka peke yangu. Nataka ujue kwamba hilo linawezekana.

Jina langu ni Ombeni. Nilizaliwa Kivu Kusini, Kongo, nikakulia Rubondo, upande mmoja wa kambi hii, pamoja na mama na dada yangu mdogo, Neema. Mama analima mahindi na maharagwe na anafuga kuku. Mimi naandika vibao vya maduka. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kunakili herufi za makopo ya mafuta na mifuko ya unga, nikizichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko mpaka mama akakasirika. Nilipokuwa kijana tayari nilikuwa na wateja Misiera, kule kwenye maduka karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi.

Lakini nina ugonjwa mwingine, wa zamani kuliko huu ninaousimulia: siwezi kuvumilia kosa. Herufi S ikiinama kidogo, nafuta neno zima. Mwenye duka anasema ni zuri, wapita njia wanasema ni zuri, mimi naona S tu. Na kadiri nilivyotaka mstari unyooke, ndivyo mkono ulivyotetemeka.

Rafiki yangu Juli, mchoma matofali, alinikuta siku moja nikifuta neno SALUNI kwa kitambaa chenye petroli, jasho likinitoka kama ninalima.

"Ombeni, utamaliza petroli yote ya Uganda," alisema. "Kuja huku. Mukono itatulia."

Sitakudanganya: mkono ulitulia. Mtu akikuambia kwamba bangi haikumpa kitu chochote siku ya kwanza, mwulize kwa nini alirudi siku ya pili. Tulivuta nyuma ya tanuri la matofali, tukiisokota kwenye karatasi ya daftari la shule, nami nikarudi nikaandika SALUNI mara moja tu, nikaondoka bila kugeuka nyuma. Kwangu huo ulikuwa muujiza. Hicho kilikuwa kiangazi cha mwaka 2012. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza kunyesha, sikuwa nashika brashi kabla ya kuvuta.

Kikohozi hakikuja kwa kishindo. Kwanza nilikuwa nasafisha koo tu. Halafu yakaja makohozi ya asubuhi, ya kijivu, mara nyingine yenye madoa meusi. Halafu kifua kikaanza kupiga miluzi. Nikilala chali nilikisikia kikilia kwa sauti nyembamba, na haikuwa mimi peke yangu niliyekisikia.

"Yaya," Neema aliniuliza tukiwa tunakula, kwa jina tunalomwitia kaka mkubwa, "umemeza kifaranga?"

Mama hakucheka. Kanisani watu walikuwa wameanza kusogea. Hakuna aliyesema neno, ila kila Jumapili benchi langu lilizidi kuwa na nafasi. Katika kambi, kijana akikonda na kukohoa, kila mtu anawaza kifua kikuu, na mama aliwaza hivyo kabla yao wote. Akanipeleka kliniki.

Nakumbuka pale pa kungojea kuliko ninavyokumbuka mambo mengi mazuri ya maisha yangu. Sisi wenye kikohozi tulikalishwa nje, upande wa upepo. Kila mmoja alikuwa ameshika kikopo chake chenye kifuniko, na kila mmoja alikificha kwa namna yake: mzee mmoja chini ya kofia, mwanamke mmoja ndani ya kitenge. Tuliambiwa tutoe makohozi ya ndani kabisa, si mate. Niliogopa nisije nikatoa ya makosa. Hebu fikiria, hata makohozi nilitaka yawe sahihi. Nilienda nyuma ya jengo, nikatoa, nikayatazama, nikaona hayatoshi, nikajaribu tena mpaka nikaona nyota.

Hakikuwa kifua kikuu. Mama aliimba njia nzima. Lakini kabla hatujaondoka, muuguzi aliniuliza, "Unavuta sigara?"

Mama alijibu kabla yangu. "Huyu? Eh, hapana! Huyu ni mutoto wa kanisa."

"Sivuti sigara," nikasema nami. Ukilipima neno kwa neno, lilikuwa kweli. Nilipewa dawa ya kikohozi ya maji na vidonge, nikaenda nazo nyumbani, na jioni ile ile nilikuwa nyuma ya tanuri.

Sasa sikiliza jinsi mtu wa namna yangu anavyofikiri, huenda na wewe uko hivyo. Sikuwaza kuacha. Niliwaza kwamba naifanya vibaya. Mtu anayeandika kibao kibaya habadilishi kazi, anabadilisha brashi. Kwa hiyo nikaanza kutafuta njia safi.

Misiera kulikuwa na papa mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee, fundi viatu, mtu wa milimani kwetu, aliyekuwa na kibuyu kama walivyotumia wazee wa huko: maji ndani, mwanzi ubavuni, moshi unapita majini ndipo unaingia kinywani. Aliponiona nikikohoa juu ya msokoto wangu alinisikitikia.

"Karatasi inaua, mutoto," alisema. "Hii maji inakamata uchafu yote. Angalia."

Akamwaga maji ya kibuyu chini. Yalikuwa ya rangi ya kahawa. Nikaamini hapo hapo, kwa sababu niliona kwa macho: kama uchafu uko kwenye maji, basi hauko kifuani. Haikunijia kwamba nilikuwa naona kile tu kilichobaki, na kile kilichopita sikukiona.

Nikapata kibuyu changu mwenyewe. Nilikiosha kwa majivu, nikabadilisha maji kila mara, nikawa mvutaji msafi kuliko wote wa Nakivale. Na kwa kuwa moshi ulikuja wa baridi na haukuchoma koo, niliuvuta kwa nguvu hadi chini kabisa, nikaushikilia huko mpaka machozi yanitoke. Baada ya muda mfupi, kikohozi changu cha asubuhi kilikuwa kinanikunja mara mbili kama mtu anayefunga viatu. Nilianza kupumzika njiani nikitoka bombani, mara kwenye kisiki, mara kwenye kona ya shule. Watoto wenye madumu madogo walinipita.

"Papa Ombeni, tukusaidie?" waliniuliza. Papa! Nilikuwa sijafika hata miaka ishirini na tano.

Na moyo ukaanza. Kila baada ya kuvuta uliruka, nikausikia shingoni, masikioni, hata kwenye meno. Nikisimama ghafla dunia ilikuwa nyeusi. Nilipokuwa naandika kwenye duka lenye saa ya ukutani, niliweka vidole shingoni nikatazama mshale wa sekunde, halafu nikatishwa na nilichohesabu, halafu kule kutishwa kukauharakisha zaidi. Mwenye duka alidhani nasali.

Nikafikia uamuzi, na niliuona wa busara sana: adui ni moshi. Nikakivunja kibuyu kwa jiwe. Nikaamua kunywa.

Majani yalikuwa nyumbani kwetu, juu ya jiko, yamefungwa kwenye kitambaa. Mvua zikianza, kuku wa Rubondo hufa kwa kideri, na mama, kama wanawake wengi hapa, huchemsha majani hayo na kuwawekea kuku kwenye maji yao. Sijui kama yanawasaidia. Wengine hupona, wengine hufa. Lakini mama hakuwahi kuyaita bangi. Angesikia mtu anavuta bangi angemwombea kwa kufunga. Haya yalikuwa dawa ya kuku, na dawa ya kuku haina dhambi. Nikawaza: kuku wanakunywa kila mvua, na sijawahi kuona kuku akikohoa wala akishika moyo.

Nikachemsha mama akiwa shambani, nikachuja, nikatia kwenye chupa. Ladha ilikuwa chungu, kwa hiyo nikapitia kwa Mama Zawadi.

Mama Zawadi ni mjane, mtu wa upande wa Fizi, huko huko Kivu Kusini, anayeuza chai ya maziwa na mandazi pale njia ya Rubondo inapopanda. Aliishi peke yake, hakuwa mtu wa kabila letu, na chai yake iliisha mapema kuliko ya wengine, mambo ambayo yalitosha watu kumsema. Mimi nilimpenda. Alinijazia chai yenye tangawizi kwenye chupa ya moto, akanitania, "Andika vizuri leo, fundi, usifute mpaka ukuta uanguke." Nilipofika kazini nikachanganya.

Kikombe cha kwanza hakikufanya kitu. Moshi nilikuwa nimeuzoea: unavuta, unajibiwa papo hapo. Nikangoja. Nikaandika herufi, nikangoja tena. Nikaona kwamba mama anachemsha hafifu, au mimi nimekosea kipimo. Nikanywa kikombe cha pili, hadi kwenye mashapo. Hilo ndilo kosa kubwa la maisha yangu, na nilifanya nikiwa nimetulia kabisa, nikifuta mdomo.

Vyote viwili vilikuja pamoja, nikiwa juu ya ngazi. Moyo haukuruka kama nilivyozoea. Ulitoka mbio na haukurudi. Kifua kilibana, mikono ikawa baridi, ulimi ukakauka kama kipande cha ngozi. Nilitazama neno nililokuwa naandika na herufi zikawa zinatambaa. Niliona kopo la rangi likishuka polepole sana, halafu nikashuka nalo.

Sikuvunjika, kulikuwa na magunia ya mkaa. Nilikuwa nimelala juu yake, macho wazi, nikisikia kila walichosema watu waliokusanyika.

"Amekunywa nini?"

"Chai. Ya kwa Mama Zawadi. Miye mwenyewe nilimuona asubuhi."

"Basi ni sumu. Bameshamumaliza."

Msomaji asiyetoka kwetu ajue hili: Kivu, kijana akianguka ghafla baada ya kunywa kitu, hatuulizi ni ugonjwa gani, tunauliza nani alimpa. Hofu hiyo tulivuka nayo mpaka wa Uganda pamoja na masufuria. Mama alifika akikimbia, miguu ina udongo wa shamba, na nyuma yake mtu mwenye dawa za kutapisha. Walininywesha maziwa mabichi, wakaninywesha mafuta ya mawese, wakaninywesha mizizi fulani, mama akaingiza vidole vyake mwenyewe kooni mwangu huku akilia, "Tapika, mutoto wangu, tapika hiyo chai ya ule mwanamuke!"

Nilijua ukweli. Nilitaka kuusema. Mwanzoni sikuweza, ulimi haukugeuka. Baadaye niliweza, nikanyamaza.

Kutoka kliniki ya kambi nilipelekwa mji wa Mbarara kwa gari la wagonjwa, vumbi jekundu mpaka tulipoingia kwenye lami. Mama alishika kichwa changu mapajani na kila aliyemwuliza alimjibu neno moja: sumu. Kwenye hospitali tulingoja kwenye ukumbi uliojaa beseni, mikeka na watu wanaosinzia wameketi. Walinibandika nyaya kifuani na karatasi ikatoka kwenye mashine na milima midogo midogo. Nilitaka kuuliza kama milima yangu imenyooka. Walinitundikia maji, wakanipa kitanda.

Kesho yake moyo ulikuwa umepunguza mwendo, lakini walinibakiza kwa sababu ya kifua. Kitanda cha jirani alilala mfanyabiashara wa mjini, Mwislamu, akiuguzwa na mke wake, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya soko. Alinipa kikombe cha uji bila kuniuliza kitu. "Kunywa, mwanangu. Huyu bwana wangu anaukataa tangu jana, angalau nione mtu mmoja akinywa." Uji wa mtama, wa moto, ukashuka taratibu. Mpaka leo nikinywa uji huo nasikia nimesamehewa kitu.

Ndipo simu ya Neema ikaingia. Mama aliweka sauti ya juu, kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri.

"Mama, kuko maneno huku. Balivunja kibanda ya Mama Zawadi. Balimwanga chai yote chini. Kesho kuko mukutano, banataka atoke Rubondo."

"Atoke," mama alisema. "Aende mbali."

"Mama, analia. Anasema hajui kitu."

"Alie. Miye pia nililia."

Niligeukia ukuta. Nikisema, mama atakuwa mama wa mvuta bangi, kanisani, bombani, kila mahali. Polisi pia, maana bangi ni kosa, na mkimbizi hapendi jina lake liwe mdomoni mwa polisi. Nikinyamaza, mwanamke ambaye tayari alikuwa amekimbia nchi yake atakimbia tena, kwa ajili ya chai nzuri. Nililala nikiutazama ukuta ule na moyo ukaanza mbio tena, safari hii bila kunywa kitu.

Mchana wa siku iliyofuata akaja daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliweka kifaa chake mgongoni kwangu akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mimi nimekulia Makenke, kwa barracks," alisema. "Baba alikuwa askari. Swahili yangu ni ya jeshi, lakini tutaelewana. Kijana, kifua yako inapiga kelele kama ya mzee. Sumu ya juzi hapana fanya kifua hivi. Wewe navuta nini?"

"Havute kitu, dokta!" mama alisema. "Huyu ni mutoto wa kanisa. Balimupatia sumu mu chai."

"Mama, mimi nauliza yeye. Tafadhali, enda tafuta maji ya moto."

Mama akaondoka akinung'unika. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akangoja. Nami nikamwambia yote: karatasi, kibuyu, majivu ya kuoshea, dawa ya kuku, kikombe cha kwanza, kikombe cha pili. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika. Na mwishoni, kwa aibu yangu, nikauliza swali lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo: "Basi njia nzuri ni ipi?"

Alinitazama, halafu akacheka mpaka jirani akaamka.

"Eh! Wewe umeanguka kwa ngazi, sasa unauliza ngazi gani ni nzuri ya kuangukia?" Akafuta macho. "Sikia. Moshi ya karatasi, moshi ya kibuyu, yote ni moshi. Kifua hapana jua kama ilioga kwa maji. Ukikunywa, ndiyo, kifua inapumzika. Lakini moyo hapana pumzika. Hiyo ya tumbo inakuja pole pole, wewe nasema haina nguvu, naongeza, halafu inakuja yote na inakaa siku nzima. Mlango ni tofauti, lakini ndani ya nyumba ni damu moja."

"Nitakufa?"

"Utakufa, ndiyo. Lakini si ya hii." Alinigonga goti. "Mashine nasema moyo ni mzima. Ilikimbia sana, sasa inatembea. Kifua itapona kama unaacha moshi. Si kesho. Lakini itapona."

Nililia. Sikulia kwa huzuni. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeubeba mwili wangu kama kitu cha mtu mwingine nilichokiharibu, nikingoja mwenyewe aje kukidai. Sasa mtu alikuwa ameniambia kwamba bado ni wangu na bado unafaa.

Daktari aliinuka. "Na ile mama ya chai?"

Nilivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mama yako ameambia wodi yote. Mimi siwezi sema mambo ya mgonjwa. Lakini wewe uko na mdomo, na moyo yako sasa inaweza kubeba."

Nilimkuta mama nyuma ya wodi, kwenye nyasi ambako wauguzaji wanaanika nguo. Alikuwa anakunja shuka. Nilishika ncha ya pili ili nimsaidie, na tukiwa tumelivuta shuka katikati yetu nikamwambia. Aliendelea kulivuta kana kwamba hajasikia.

"Nini? Ulitoa wapi bangi?"

"Juu ya jiko."

Alisimama. "Dawa ya kuku? Ombeni, ulikunywa dawa ya kuku zangu?"

"Ndiyo, mama."

"Vikombe mbili?"

"Mbili."

"Kuku ninawapimia kwa kijiko!"

Nilidhani atanipiga. Aliketi kwenye nyasi. Aling'oa nyasi kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza. Usimwambie mutu. Mukutano ipite, tutaona. Watanicheka mu kanisa mpaka nikufe."

"Na Mama Zawadi ataenda wapi?"

Mama alilikunja shuka lile, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi najua alikuwa wapi: alikuwa njiani tulipotoka Kivu, Neema mgongoni, wakati tulipofukuzwa kwenye nyumba ya watu waliosema tumewaletea bahati mbaya. Hatulizungumzi jambo hilo. Kisha akatoa simu kifuani, akapiga kwa mwenyekiti wa Rubondo, akanipa.

Mkutano ulikuwa umeshaanza. Mwenyekiti aliiweka simu yake juu ya benchi la shule, sauti ya juu. Nilisikia watu wengi, kuku mmoja, mtoto analia.

"Sema, Ombeni, tunakusikia."

"Miye ni Ombeni," nikasema. Pumzi ilikuwa fupi, ikabidi nisimame kati ya maneno. "Chai ya Mama Zawadi ilikuwa muzuri. Nilitia bangi ndani, miye mwenyewe. Hakuna mutu alinipatia sumu."

Ikaja sauti ya mwanamume: "Bamemulazimisha kusema!"

Mama alininyang'anya simu. "Nani amemulazimisha? Ni miye mama yake ninasema! Ni dawa ya kuku zangu alikunywa, kama jogoo mujinga! Mwacheni ule mama wa watu!"

Mtu alicheka, wakacheka wengine, na mwenyekiti akawa anapiga benchi kutaka utulivu. Katikati ya kelele hizo nikasikia sauti ya Mama Zawadi karibu kabisa na simu.

"Ombeni? Unapumua, mutoto wangu?"

"Ninapumua, mama."

"Basi pona kwanza. Ukirudi tutasemezana."

Nilirudi na pampu ndogo ya kupulizia kinywani na onyo kali la mwenyekiti. Kanisa liliniweka benchi la nyuma msimu mzima, nami nikashukuru kimoyomoyo, kwa sababu huko nyuma kuna dirisha.

Kuacha hakukuwa kuzuri, nisikufiche. Nilitoka jasho, nilimfokea Neema bila sababu, usingizi uliniruka, na chakula kilikuwa kama udongo. Na jambo lililonitisha kuliko yote: baada ya kuacha moshi, makohozi yaliongezeka. Nilikimbilia kliniki nikidhani naoza. Wakaniambia kifua kinajisafisha, nikiache kifanye kazi. Kwa hiyo likikutokea hilo, usirudi kwenye moshi ukidhani ndio ulikuwa unakusaidia. Nenda ukaulize. Na ukiulizwa unavuta nini, taja kitu chenyewe kwa jina lake, na kama kuna mtu anajibu kwa niaba yako, mwombe akuletee maji ya moto.

Maharagwe yalipotoa maua nilirudi Mbarara kusikilizwa kifua. Miluzi ilikuwa bado. Tulipoyavuna, ilikuwa imebaki upande mmoja. Mkono ulitetemeka vibaya zaidi kuliko zamani, mpaka nilipogundua mwenyewe kwamba nikishika fimbo ndefu na kuegemeza kiganja juu yake, mstari unatulia. Juli bado anavuta. Tunasalimiana, namwambia ninayoyajua, ananiita daktari wa kuku.

Jambo moja nililiahirisha: kupita kwa Mama Zawadi. Nilizunguka kwa njia ya shamba, nikijiambia nakwepa vumbi. Ni Neema aliyeniambia kwamba kibanda kimejengwa upya lakini wateja hawajarudi. Walisikia simu, ndiyo. Walicheka. Lakini kucheka ni jambo moja na kunywa ni jingine. Watu walinunua mandazi yake, wakaenda kuyala na chai ya mtu mwingine.

Nilikwenda asubuhi ya siku ya soko, watu wakiwa wengi, na mama akaja nami bila kuitwa. Mama Zawadi alikuwa amekonda. Alitutazama, akachukua kikombe, akamimina. Watu waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo.

Kwetu, anayemkaribisha mtu kinywaji hukionja kwanza mbele yake, anapiga funda moja ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Mama Zawadi alikiinua kikombe mdomoni kwake. Nikauzuia mkono wake.

"Hapana, mama. Usionje."

Nikakichukua, nikageuka ili wote wanione, nikanywa. Ilikuwa ya moto mno, machozi yakanitoka, lakini sikukishusha mpaka kikaisha.

"Pole pole, wewe!" Mama Zawadi alipiga kelele. "Utaungua ulimi, kisha baseme tena ni miye!"

Mama yangu ndiye aliyecheka kwanza. Halafu akaketi kwenye benchi jipya, akasogea kidogo ili wengine wapate nafasi, akanyoosha mkono.

"Na miye nipatie," alisema. "Bila kuonja."

Mwanamume mmoja aliyekuwa na baiskeli yenye magunia aliiegemeza kwenye mti, akaja akakaa kando yake.